Jinsia ya maua ya tikiti: namna ya kuisoma, kuitabiri na kuitumia kuzalisha mbegu

Tikiti tunalolizungumzia hapa ni Cucumis melo, lile lenye nyama ya njano, ya kijani au nyeupe. Tikitimaji ni mmea mwingine na lina sehemu yake mbele. Tikiti linaweza kuzaa maua dume, maua jike na maua huntha, yaani yenye stameni (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) na ovari (kiungo cha kike kinachokuwa tunda) pamoja. Mchanganyiko utakaouona kwenye mmea huamuliwa na jeni chache sana. Mzalishaji wa mbegu anayezijua humchagua mzazi mama asiyehitaji kuhasiwa maua, yaani kuchomolewa stameni, hugundua mbegu chotara isiyo safi kabla hata tunda halijashika, na hutunza ukoo wa majike matupu mwaka hadi mwaka. Asiyezijua hulipa vibarua wenye vibano wafanye kazi ambayo jeni moja ingeimaliza.

Kwanza elewa nani anamzuia nani

Kila tumba la ua la tikiti huanza likiwa na vianzio vya stameni na vya ovari. Ua huwa dume kwa sababu ovari ilisimamishwa, au jike kwa sababu stameni zilisimamishwa, na uamuzi huo hufanyika tumba likiwa dogo mno kuonekana kwa macho. Kwa hiyo ua unaloliona leo ni habari ya zamani. Chochote utakachonyunyiza leo kitagusa maua yatakayofunguka wiki kadhaa zijazo, wala hakitabadilisha tumba lililokwisha kuwa la njano.

Jeni tatu ndizo zenye usemi. Kila mmea una nakala mbili za kila jeni, na matoleo tofauti ya jeni huitwa aleli: tawala (herufi kubwa) huonekana hata ikiwa moja, fifi (herufi ndogo) huonekana zikiwa mbili tu.

Ya kwanza ni G, ambayo kwenye maabara huitwa CmWIP1. Kazi yake ni kuzuia ovari. Ikifanya kazi kwenye tumba, ovari hukoma na ua huwa dume. Aleli yake fifi, g, haikuharibika maandishi yake: kipande cha DNA kinachohamahama kilijipachika karibu na jeni, na alama za kemikali za kuzimia jeni zikaenea hadi kwenye swichi yake. Jeni ipo nzima, lakini imenyamazishwa.

Ya pili ni A, yaani CmACS-7. Hii hutoa kimeng'enya cha kutengenezea ethilini, homoni ya mmea iliyo gesi, ndani ya tumba ambalo ovari yake inaendelea kukua, na ethilini hiyo huzuia stameni. Aleli fifi, a, hutoa kimeng'enya kisichofanya kazi. Badiliko lake linalojulikana zaidi ni la asidi amino moja tu, alanini ya nafasi ya 57 kuwa valini. Matokeo ya a ni ovari inayokua bila kizuizi cha stameni, yaani ua huntha.

Ya tatu, CmACS11, iko juu ya hizo mbili. Nayo hutengeneza ethilini, na kazi yake ni kuizima CmWIP1 pale ua jike linapotakiwa kutokea. Ikiharibika, G haizimwi popote na mmea mzima hubaki na maua dume tu. Mmea wa namna hiyo hauzai tunda, ndiyo maana ni nadra kuukuta kwenye mbegu za wakulima.

Kuna uhusiano mmoja zaidi unaosahaulika: CmWIP1 ikifanya kazi, huikandamiza pia CmACS-7. Ndiyo sababu ua dume lina stameni nzima hata kwenye mmea wenye A. Ukilishika hili, jedwali lote linajijenga lenyewe kichwani:

- A_G_ : maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja (tuuite dume-na-jike)
- aaG_ : maua dume na maua huntha (dume-na-huntha), matikiti mengi yanayolimwa kwa utamu wake ni ya kundi hili
- A_gg : maua jike tu (jike tupu)
- aagg : maua huntha tu (huntha tupu)

Mstari mdogo baada ya herufi unamaanisha aleli ya pili inaweza kuwa yoyote. Urithi huu wa a na g ulielezwa na Poole na Grimball mwaka 1939, kwa kuhesabu mimea tu. Jeni zenyewe zilitambuliwa baadaye na kundi la Abdelhafid Bendahmane nchini Ufaransa: CmACS-7 mwaka 2008, CmWIP1 mwaka 2009 na CmACS11 mwaka 2015. Hesabu za 1939 hazikuhitaji kubadilishwa.

Nyongeza moja yenye uzito shambani: Kenigsbuch na Cohen walionyesha mwaka 1990 kwamba ili A_gg iwe jike tupu kwelikweli inahitaji pia jeni nyingine fifi, mm. Mmea wa A_gg wenye M hutoa maua jike pamoja na huntha machache, wakati mwingine na dume pia. Ukiona "majike matupu" yako yanachanganya maua, usikimbilie kulaumu chavua ya jirani. Huenda ukoo wako haujasafishwa kwenye M.

Hatua ya 1: Otesha mimea ya kusomwa

Mimea ya kusoma jinsia isibanwe. Ipe nafasi ya kutosha itoe matawi, usikate ncha ya shina kuu, na usiruhusu tunda la kwanza likue, kwa sababu mmea uliobeba tunda hupunguza maua yenye ovari na kuyaangusha yale yanayofuata. Kwa ukoo safi, mimea 10 hadi 12 inatosha kukuambia kama kweli ni safi. Kwa kizazi kinachogawanyika hesabu ni nyingine, tutaifikia.

Joto kali, siku ndefu na naitrojeni nyingi huongeza maua dume. Siku fupi na ubaridi wa wastani huongeza maua jike. Hali ya hewa hubadilisha idadi, na mara chache hubadilisha aina. Mmea wa AA hautaanza kutoa huntha tele kwa sababu ya joto, lakini unaweza kuchelewa sana kutoa jike la kwanza, nawe ukaandika "dume tupu" kwa haraka.

Ethilini haitoki kwenye mmea peke yake. Jiko la mkaa au la mafuta ya taa linalowaka vibaya ndani ya banda la miche hutoa ethilini, na matunda yanayoiva yakihifadhiwa humo hutoa pia. Miche iliyokulia kwenye hewa ya namna hiyo haifai kusomwa.

Hatua ya 2: Soma maua kifundo kwa kifundo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kosa lenyewe ni moja: kutazama shina kuu peke yake. Kwenye tikiti, shina kuu hubeba maua dume kwa vishada. Maua yenye ovari hukaa moja moja kwenye kifundo cha kwanza na cha pili cha matawi ya pembeni. Ukisoma shina kuu tu, karibu kila mmea wenye G utauandika dume.

Fanya hivi. Kwa kila mmea, soma shina kuu hadi kifundo cha 15, kisha vifundo vitatu vya mwanzo vya matawi matano. Andika herufi moja kwa kila kifundo: D kwa dume, J kwa jike, H kwa huntha, na alama ya kistari pale pasipo na ua au lilipoanguka.

Kulitambua ua:

- Dume halina uvimbe chini ya petali. Kikonyo ni chembamba hadi juu.
- Jike lina ovari iliyovimba yenye vinyweleo chini ya petali, na katikati ya ua kuna stigma (kipokea chavua) yenye sehemu tatu, bila stameni.
- Huntha ina ovari ileile, na stigma imezungukwa na stameni tatu zenye chavua.

Jike na huntha ndizo huchanganywa. Maua jike mengi yana vijiti vidogo vya stameni zilizokoma, na jicho lililochoka huviita stameni. Chukua kipande cha karatasi nyeusi, kipitishe juu ya vijiti hivyo asubuhi ua likiwa limefunguka. Vumbi la njano likibaki kwenye karatasi, ni huntha. Karatasi ikitoka safi, gusa ua la pili na la tatu kwenye matawi tofauti kabla ya kuandika J.

Mfano wa ukurasa uliojazwa vizuri: "Mmea 14. Shina kuu: vifundo 1–2 kistari, 3–15 D. Tawi la 1: H, D, D. Tawi la 2: H, H, D. Tawi la 3: kistari, H, D. Tawi la 4: H, D, D. Tawi la 5: H, kistari, D." Mmea huo ni dume-na-huntha, aaG_, na hauhitaji mjadala. Lakini "Tawi la 1: J. Tawi la 2: J. Tawi la 3: H" ni mmea wa kurudia wiki inayofuata, kwa sababu unaweza kuwa A_gg wenye M au ulisomwa vibaya.

Hatua ya 3: Fichua aleli iliyojificha

Macho hukwambia A_ lakini hayakwambii kama ni AA au Aa. Ili kujua, mchanganye mmea huo na huntha tupu, aagg. Huyo ndiye mshirika bora wa majaribio, kwa sababu hachangii aleli tawala yoyote. Kila kitu utakachokiona kwa watoto kimetoka upande wa pili.

Mmea wa dume-na-jike ukichanganywa na aagg:

- AAGG hutoa watoto wote dume-na-jike.
- AaGG hutoa nusu dume-na-jike, nusu dume-na-huntha.
- AAGg hutoa nusu dume-na-jike, nusu jike tupu.
- AaGg hutoa aina zote nne, robo kwa robo.

Ukipata watoto 10 wote wa aina moja, uwezekano wa kuwa mzazi alificha aleli fifi ni chini ya 1 kwa 1,000 kwa kila jeni. Mimea sita au saba inatosha kwa kazi ya kawaida.

Hatua ya 4: Hesabu kizazi cha F2

Tuseme unataka kupata huntha tupu, na mkononi una ukoo wa dume-na-huntha (aaGG) na ukoo wa jike tupu (AAgg). F1 yake, yaani kizazi cha kwanza cha mchanganyiko huo, ni AaGg, dume-na-jike, tofauti na wazazi wote wawili. Hilo huwashangaza wengi mara ya kwanza, ila jeni hazijakosea kitu: kila mzazi ameleta aleli tawala aliyoikosa mwenzake.

F1 ikijichavusha, kizazi kinachofuata, F2, hugawanyika 9 dume-na-jike : 3 dume-na-huntha : 3 jike tupu : 1 huntha tupu. Kwa uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mmea mmoja wa aagg, panda mimea 47. Kwa asilimia 99, panda 72. Hiyo ni mimea iliyofika maua, si mbegu ulizotia kwenye trei, kwa hiyo ongeza idadi ya zitakazokosa kuota au kufa. Ukitaka umbo moja tu lililo robo ya kizazi, mimea 11 inakupa asilimia 95, na 17 inakupa 99.

Kukagua kama mgawanyiko unakubaliana na kanuni, tumia kipimo cha kai-mraba. Tuseme mimea 160 ilisomwa na kutoa 84, 34, 29 na 13. Matarajio ni 90, 30, 30 na 10. Kwa kila kundi toa matarajio kutoka kwenye ulichohesabu, zidisha tofauti kwa yenyewe, gawa kwa matarajio: 36 kwa 90 ni 0.40, 16 kwa 30 ni 0.53, 1 kwa 30 ni 0.03, 9 kwa 10 ni 0.90. Jumla ni 1.87. Kikomo cha makundi manne ni 7.81, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikataa 9:3:3:1.

Jumla ikizidi kikomo, usianze kubuni jeni mpya. Tazama kwanza kundi lililozidi. Dume-na-jike likiwa kubwa mno na jike tupu likipungua, mara nyingi ni majike yenye M yaliyotoa maua dume machache. Dume-na-huntha likizidi na dume-na-jike likipungua kwa idadi ileile, rudi na karatasi nyeusi: ni vijiti vilivyoitwa stameni.

Hatua ya 5: Kipimo cha DNA, kama unacho

Badiliko la herufi moja kwenye CmACS-7 hupimika kwa urahisi kwenye kipande cha jani la mbegu, siku chache baada ya kuota. Faida yake kubwa ni kumtambua Aa bila kusubiri watoto. Kwa g, kinachopimwa ni kuwepo kwa kile kipande kilichojipachika karibu na CmWIP1. Kabla ya kupima mamia ya miche, pima wazazi wawili na F1 yao. Kipimo kikishindwa kuwatenganisha wazazi ambao maua yao ni tofauti, ukoo wako una badiliko lingine kwenye jeni ileile, na kipimo hicho hakikufai hata kama kinasifiwa.

Hatua ya 6: Chavusha kwa mkono bila kuingiliwa

Jioni ya siku moja kabla, tafuta maua yatakayofunguka kesho. Petali zake zimegeuka njano na kuchomoza, lakini ncha bado imefumba. Funga ua lenye ovari kwa kikofia cha karatasi au klipu nyepesi, na ufunge pia maua dume utakayotumia, maana nyuki hupeleka chavua ya mmea mwingine kwenye ua dume vilevile.

Kama mama ni dume-na-huntha au huntha tupu, mhasi jioni hiyohiyo. Pasua petali upande mmoja, chomoa stameni zote tatu kwa kibano bila kugusa stigma, kisha funga. Chovya kibano kwenye alkoholi ya asilimia 70 kabla ya kwenda kwenye ua jingine. Acha maua matano hadi kumi yaliyohasiwa bila kuyachavusha, yakiwa yamefungwa. Moja likishika tunda, unahasi kwa kuchelewa au unapasua chavua, na mbegu zote za siku hiyo ni za kutiliwa shaka.

Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, chuma ua dume, kunja petali zake nyuma, na upake chavua kwenye sehemu zote tatu za stigma. Maua dume mawili kwa ua moja ni bora kuliko moja. Funga tena, weka lebo yenye mama, baba na tarehe, na uondoe matunda mengine yaliyotangulia kwenye tawi hilo. Ovari iliyoshika huanza kuinama na kunenepa ndani ya siku tatu au nne. Iliyoshindwa hugeuka njano na kuanguka.

Ua huntha halijichavushi lenyewe kwa uhakika. Chavua ya tikiti ni nzito na yenye kunata, hivyo hata ukoo wa huntha tupu ndani ya wavu bila nyuki unahitaji mkono wako.

Hatua ya 7: Chagua mzazi mama kwa jeni, kisha kwa utamu

Mama wa AAGG hahitaji kuhasiwa, lakini ana maua dume yake ambayo lazima yaondolewe au ovari zifungwe. Mama wa AAgg hana hata hayo. Inabaki kuleta chavua ya baba tu. Kwa kazi kubwa, tofauti hiyo ndiyo faida yenyewe.

Kuna mbinu tunayoipenda ya kukagua usafi wa chotara. Mama akiwa aaGG na baba AAGG, F1 halisi ni dume-na-jike, na kila mche uliotokana na mama kujichavusha ni dume-na-huntha. Huhitaji maabara: huntha yoyote shambani ni uchafu, ing'oe. Kwa mama wa AAgg na baba wa GG ni vivyo hivyo; jike tupu lolote kwenye F1 halikutokana na baba uliyemtaka. Lakini mama wa AAGG akijichavusha, watoto wake hufanana maua na F1, na hapo itabidi utumie alama nyingine ya jani au ya DNA.

Angalizo kuhusu tunda: aleli a haiishii kwenye stameni. Matikiti ya aa huelekea kuwa ya mviringo, na ya A_ huelekea kuwa marefu zaidi. Ukibadilisha mama wako wa mviringo kuwa AA ili kuokoa gharama ya kuhasi, tarajia tunda la F1 kurefuka, na uanze kuchagua dhidi ya urefu huo mapema. Wateja hukataa umbo kabla hawajaonja.

Hatua ya 8: Tunza ukoo wa jike tupu

Ukoo wenye maua jike tu hauna chavua ya kujirithisha. Njia mbili zipo.

Njia isiyo na kemikali ni kumchavusha AAgg kwa chavua ya huntha tupu, aagg. Watoto ni Aagg, wote jike tupu, na wanafaa kuwa mama wa chotara ya njia tatu, yaani ya koo tatu. Gharama yake ni kwamba chotara ya mwisho haitakuwa sare kama ya wazazi wawili, maana mama mwenyewe ni mchanganyiko.

Njia ya pili ni kuizuia ethilini kwa muda ili stameni zikue. Kwa kuwa g imekwisha kuiachia ovari, maua utakayoyapata kwenye tikiti ni huntha, na unaweza kuyachavusha yenyewe kwa yenyewe. Dawa ni thaiosulfati ya fedha, ya milimola 3 kwa lita:

1. Pima gramu 0.51 za nitrati ya fedha, uiyeyushe kwenye nusu lita ya maji yaliyokenekwa.
2. Pima gramu 2.98 za thaiosulfati ya sodiamu yenye maji matano ya fuwele, uiyeyushe kwenye nusu lita nyingine ya maji yaliyokenekwa.
3. Mimina ya fedha ndani ya thaiosulfati, polepole, ukikoroga muda wote. Ukigeuza, yaani ukimimina thaiosulfati kwenye fedha, unapata masimbi meusi na dawa imekwisha.
4. Ongeza matone machache ya kilowanishi ili ishike jani. Weka kwenye chupa nyeusi na uitumie siku hiyohiyo.

Maji ya bomba hayafai. Kloridi iliyomo huishika fedha, na maji hugeuka meupe kama yaliyotiwa maziwa. Ukiliona hilo, mwaga mahali salama uanze upya.

Nyunyiza jioni, miche ikiwa na majani mawili ya kweli, hasa kwenye ncha inayokua, hadi matone yaanze kudondoka. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, na mara ya tatu kama ukoo ni mgumu kubadilika. Maua ya mwanzo yanaweza kuwa jike bado, kwa sababu matumba yake yalikwisha amua; yenye stameni hufuata, kisha dawa huisha nguvu na majike hurudi. Dirisha hilo ndilo la kukusanya mbegu, kwa hiyo kagua maua kila asubuhi.

Acha mimea miwili au mitatu ya ukoo huo bila kuinyunyizia. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama ukoo bado ni jike tupu au kama stameni ulizoziona zingekuwepo hata bila dawa. Kingo za majani zikiungua, punguza dawa kwa nusu na usinyunyize kwenye jua. Vaa glovu na miwani, kwa kuwa nitrati ya fedha hutia ngozi madoa meusi na huunguza jicho. Mabaki yasiende kwenye mtaro wala bwawa, na matunda ya mimea iliyonyunyiziwa ni ya mbegu tu, hayaliwi.

Usizihamishe kanuni hizi bila kuzikagua

Kwenye tango, aleli inayoleta majike matupu ni tawala, si fifi. Inaitwa F, nayo ni nakala ya ziada ya jeni ya kutengeneza ethilini iliyotokana na kipande cha kromosomu kujirudia. Ndugu wa CmACS-7 huku ni CsACS2, maarufu kama jeni M. Hivyo M_F_ ni jike tupu, M_ff ni dume-na-jike, mmF_ ni huntha tupu na mmff ni dume-na-huntha. (M hii haihusiani na ile M ya tikiti, herufi zimegongana tu.) Mama wa FF akichanganywa na baba wa ff hutoa F1 ya Ff iliyo jike karibu yote, na hapo mkulima hupata tatizo jipya: shamba halina chavua. Ndiyo maana mbegu za matango ya majike yanayohitaji uchavushaji huchanganywa na asilimia 10 hadi 15 za mbegu ya dume-na-jike. Matango yanayoshika tunda bila uchavushaji hayahitaji hilo. Fedha kwenye tango la jike tupu huleta zaidi maua dume kuliko huntha.

Kwenye boga, Cucurbita pepo, ethilini nayo huleta jike. Wazalishaji wa mbegu chotara hunyunyizia safu za mama ethefoni, dawa inayotoa ethilini ndani ya mmea, ya takriban miligramu 250 kwa lita miche ikiwa na majani mawili ya kweli, na kurudia ikifika manne, ili maua dume yasitokee kwa muda huku baba akichavusha kupitia nyuki. Dawa ikioshwa na mvua siku hiyohiyo, hesabu kwamba hukunyunyizia. Na hata ikishika vizuri, pita kwenye safu za mama kila asubuhi ung'oe dume lolote lililoponyoka.

Tikitimaji ndilo linalowapiga watu chenga. Jeni ya huntha ipo na ni ya ukoo uleule: CitACS4 ikiharibika, ua lenye ovari hupata stameni, kwa hiyo mama wa aina hiyo lazima ahasiwe. Lakini katika idadi ya maua, ethilini hufanya kinyume cha ilivyo kwenye tango: hupunguza maua jike, na dawa za kuizuia huyaongeza. Mwenye kunyunyizia tikitimaji ethefoni akitarajia majike mengi hupata shamba la madume. Majike matupu ya tikitimaji yapo pia, na chanzo chake ni kuvunjika na kuhama kwa kipande cha kromosomu kulikoiharibu jeni ya WIP1, ndugu wa ile ya tikiti. Aleli hiyo ni fifi kama g.

Kwa dodoki, mumunye na karela, anza na Hatua ya 2 na uamini daftari lako. Hapo napo usisahau kwamba mahali yanapokaa maua jike kwenye shina hutofautiana na tikiti, hivyo soma shina kuu na matawi kwa uzito sawa hadi ujue mmea wako huyaweka wapi.